Kaseti Niliyoigeuza

Neema, wewe na wenzako wa studio mliniomba niandike namna kazi ilivyokuwa kabla ya kompyuta, msije mkasema mzee ameondoka na siri zake. Nimekubali kwa sharti moja: safari za nje, picha za magazetini na zile tuzo zinazoning'inia juu ya friji sitazigusa. Mnazijua, mmezifuta vumbi wenyewe. Nitaandika siku za kwanza, vyombo, na watu walionifundisha. Nitaandika pia jambo moja ambalo Neema analijua tayari, maana alilisikia mwezi wangu wa mwisho studio, akavua hedifoni, akaniangalia. Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa nakwepa macho yake.

Kazi niliianzia Kilosa, nyuma ya stesheni, kwenye kibanda cha Mzee Mkude fundi redio. Baba alikuwa mtu wa reli na alitaka nijifunze kitu chenye mafuta na nati. Siku ya kwanza Mzee Mkude hakunipa hata bisibisi. Alinipa redio ya mkulima wa Magole iliyokuwa inakoroma, akaniambia nikae nayo.

"Isikilize mpaka uniambie inaumwa wapi."

"Mzee, mimi redio siijui."

"Ndiyo maana sijakupa bisibisi."

Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nilimwonyesha kwa kidole ule mkoromo unatoka upande gani, naye akafungua kifuniko, akakuta waya mmoja umelegea pale pale. Alifurahi. Mimi nilihuzunika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeupenda mkoromo kuliko taarifa ya habari. Hapo ndipo nilipoharibika, au nilipotengenezeka, mtaamua wenyewe. Kipaza sauti changu cha kwanza nilikiunda kwa redio mbovu na betri ya gari. Gitaa la kwanza lilikosa waya mbili, nikaweka waya wa breki ya baiskeli. Mkijaribu, vaeni glavu.

Mwalimu wangu mwingine alikuwa Mama Yudithi. Nilipokuwa shule ya msingi nililelewa na bibi yangu mlimani, juu ya Kilosa, na Mama Yudithi ndiye aliyekuwa akifundisha kwaya kanisani. Alikuwa na pengo mbele, na kila alipovuta pumzi kulitoka mluzi mwembamba ambao ungeutambua gizani. Hakujua gitaa wala kinanda. Alijua masikio. Alitusimamisha mistari miwili tukitazamana, na ole wako ufungue mdomo kabla hujamsikia aliye mbele yako. "Msikilize mwenzio kwanza," alikuwa akisema, "wewe tutakusikia tu." Kila nilichofanya baadaye nikiwa prodyuza kimetoka kwenye mistari ile miwili, na nitawaonyesha jinsi nilivyomlipa.

Mikumi nilihamia kwa ajili ya bendi. Nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu ilitaka muziki wa kuwachangamsha madereva wa malori wanaokwenda Iringa. Mpiga ngoma alikuwa Shabani, kijana wa Tindiga, swala tano, mtaratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akipiga vitu kwa nguvu vile. Mwanzoni tulipiga nyimbo za watu. Kisha taratibu tukaanza kuchomeka za kwetu: gitaa nikilisogeza karibu na spika mpaka lilie lenyewe, Shabani akigonga ringi za lori badala ya matoazi. Mimi niliuita muziki ule roki ya majaribio. Dereva mmoja alikuja mbele kwa heshima zote akauliza kama tumeshaanza au bado tunatengeneza vyombo.

Studio yenyewe mnaijua ilipo, ila zamani ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi pancha. Ukutani tulibandika trei za mayai na magodoro ya wageni yaliyochoka. Hayakusaidia. Lori lilipokuwa likishusha gia, kila kitu kilitetemeka, na mwaka mzima nilirekodi vipande vipande katikati ya malori. Shabani ndiye aliyesema, "Kwa nini tunayakimbia? Yaingie." Tukaweka maikrofoni dirishani, breki za malori zikawa besi. Kebo yetu ndefu kuliko zote ilichukuliwa na nyani tulipojaribu kurekodi upande wa hifadhi, na naamini hadi leo iko juu ya mti fulani.

Sasa nifike pale.

Tulikuwa na mashine ya kurekodia yenye njia nne, inayotumia kaseti za kawaida. Mlipofika nilikuwa nimeshaiweka kando. Ilisoma pande zote mbili za kaseti kwa mkupuo mmoja, na uzuri wake ni huu: ukiitoa kaseti, ukaigeuza upande wa pili na kuirudisha, yote uliyorekodi yanasikika kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Unaweza kurekodi vitu vingine juu yake hivyo hivyo. Ni kazi ya sekunde tatu. Naomba mzikumbuke sekunde hizo.

Nilipanda mlimani na mashine ile nimrekodi Mama Yudithi akiimba. Alikubali kwa furaha, akavaa kitenge cha Jumapili, tukakaa kibarazani kwake. Kabla ya wimbo nilimwomba aseme lolote ili nipime sauti. Watu wengi huhesabu moja mbili tatu. Yeye alifumba macho akaanza kusali. Alisali kwa Kiswahili taratibu, na mluzi wake ukawa unaingia kila alipovuta pumzi, na mshale wa mashine ukawa unacheza mahali panapofaa kabisa. Nilipoona nimeshapata kipimo nilisema, "Inatosha, Mama," nikazima. Alikuwa hajamaliza. Wimbo aliouimba baadaye uliharibiwa na mbuzi na upepo. Sala ilitoka safi.

Nilirudi Mikumi, nikaigeuza kaseti, na mwili ukanisisimka. Sauti ya mwanamke ikipanda kutoka mahali pasipojulikana, maneno yasiyo ya lugha yoyote, na ule mluzi ukija mwishoni mwa kila fungu la maneno. Niliweka magitaa, Shabani akaweka ringi, malori yakaingia. Kibao kile ndicho kilichonitoa. Mtangazaji mmoja wa redio aliniuliza yule mwanamke ni nani. Nikamwambia hakuna mwanamke, ni sauti niliyoiunda kwa nyaya. Sijui kwa nini nilisema vile. Hapana, najua. Nilitaka iwe kazi yangu peke yangu. Nilipokwisha kusema mara moja ikabidi niseme kila mahali, na mwaliko wa kwanza wa nje ulikuja kwa sababu ya uongo huo.

Sikumwomba ruhusa Mama Yudithi. Sikumpelekea hata nakala.

Kaseti ilisambaa kwa madereva, kutoka kwa madereva ikaingia kwenye mabasi, na basi moja lilikuwa la kwenda mlimani. Abiria mmoja wa kanisani akasema, mbona huyu ni Mama Yudithi. Wote wakasikiliza. Mluzi ni wake. Maneno je? Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwetu kila mtu anajua mchawi hufanya mambo kinyume: huingia nyumbani kwa mgongo, na akisali husali kinyumenyume. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba mwalimu wa kwaya husali hivyo.

Miezi miwili baadaye alikuja Mikumi. Nilimkuta amekaa kwenye tairi kwa fundi pancha, na kifurushi cha maharage mapajani. Hata siku ile alikuja na zawadi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Mama. Za mlimani?"

"Nzuri," alisema, kama inavyosemwa, kisha akaniambia habari za kweli. "Elia, kuna kaseti inapigwa kwenye basi. Wanasema ni mimi. Nikaenda stendi kuisikiliza. Sauti naona ni yangu, lakini maneno siyajui. Nikawaambia siyo mimi. Sasa wananiona mchawi na mwongo pia."

Kanisani walikuwa wamemvua ualimu wa kwaya. Hilo alilisema haraka. Lililomliza lilikuwa jingine. Jirani yake alifiwa, naye akaenda jikoni msibani na kisu chake cha vitunguu kama kawaida, na mwanamke aliyekuwa kwenye sufuria akamwambia kwa upole, "Mama, wewe pumzika." Akasogezewa kiti. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuona ubaya wake. Msibani wanawake hupika pamoja, na mwenye nguvu zake akiambiwa apumzike, maana yake hakuna atakayekula alichokishika. Alikaa kwenye kiti kile kutwa nzima mikono mitupu.

Nilimwambia ukweli. Nilitoa kaseti, nikamwonyesha kwa mkono jinsi inavyogeuzwa.

"Kwa hiyo ukiigeuza tena nitasikika ninavyosema?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi njoo Jumapili uigeuze mbele yao."

"Nitakuja."

Ilikuwa Jumanne. Kuanzia Jumatano nilianza kuhesabu hasara. Nikisimama kanisani na kusema sauti ni ya Mama Yudithi, habari itafika redioni kwamba nilidanganya. Nikipiga sala ile, watajua kuwa nilichukua sala ya mama wa watu nikaipiga kwenye baa. Nilijiambia kwamba maneno ya kijijini hupoa yenyewe. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa na akili sana.

Jumapili asubuhi Shabani alifika na pikapu ya kuazima, amevaa kanzu safi. Nilikuwa nafunga waya za gitaa ambazo hazikuwa na shida yoyote.

"Twende, tutachelewa."

"Tumbo linanisumbua."

"Basi nipe kaseti niende mimi."

"Sijui nimeiweka wapi."

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, kona yake ikichungulia. Shabani aliiona. Aliitazama ile kona, akanitazama mimi, wala hakuninyang'anya, ingawa angeweza kwa mkono mmoja. Alipanda mlimani peke yake. Aliporudi jioni alisimama mlangoni.

"Wamenipa chai," alisema. "Wamenisikiliza vizuri tu. Halafu mzee wao mmoja akaniuliza, kwa nini mwenye kaseti hakuja. Yule mama alikuwa pale nje, Elia. Alikuwa anaangalia barabara."

Aliweka fimbo zake za ngoma juu ya spika, akaenda zake Tindiga kulima mpunga. Mpaka leo ndiko aliko. Fimbo mnazitumia kuzuia dirisha lisijifunge.

Miaka iliyofuata ndiyo mnayoijua, na ndiyo iliyoandikwa na watu wengine. Nilirekodi kwaya, maharusi, vijana wa rap kutoka Morogoro waliotaka kila kitu kiwe na mwangwi. Nilijifunza kompyuta nikiwa na nywele nyeupe. Ninyi nyote niliwafundisha jambo moja, na mliniona mkali: kila faili iandikwe sauti ni ya nani, na kama ameombwa. Mlidhani ni utaratibu wa kazi. Ilikuwa aibu. Mlimani sikukanyaga tena. Mara moja nilimtumia Mama Yudithi khanga kupitia kwa abiria, ikarudi katika mfuko wake wa plastiki, haijafunguliwa. Nilijifanya nimekasirika.

Kisha masikio yangu yakaomba kustaafu kabla yangu. La kushoto linalia mfululizo kama ile redio ya Magole, na hili hakuna wa kunifungulia kifuniko. Nikasema basi. Neema akaanza kuhamishia kaseti za zamani kwenye kompyuta, na siku moja akaiweka ile kaseti upande ambao mimi sikuwa nimeuweka tangu kibarazani kwa Mama Yudithi. Magitaa yangu ndiyo yaliyorudi nyuma. Sala ikaja wima.

Alivua hedifoni, nikamwuliza kuna nini.

"Mzee, kuna mama humu anakuombea," alisema. "Halafu unamkatiza."

"Ndiyo."

"Bado yupo?"

Nilitaka kusema sijui. Nilijua vizuri sana kwamba yupo, maana kila mwaka nilikuwa nauliza watu wa mlimani, kwa mbali, kana kwamba nauliza bei ya ndizi. "Yupo," nikasema. Neema alichomoa mashine ile ya zamani, akaifuta, akaiweka mlangoni karibu na viatu vyangu. Kisha akaenda kuchemsha chai.

Kasisi wa sasa ni kijana. Alinisikiliza kwa simu, akanipa nafasi Jumapili ya mavuno, baada ya matangazo. Nilipanda na mashine na spika ndogo ya Neema. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na macho ya watu. Sikuyakuta. Nusu ya waumini walikuwa hawajazaliwa kaseti ile ilipovuma. Wazee watatu waliomvua Mama Yudithi ualimu wa kwaya wamezikwa nyuma ya kanisa. Watu wazima waliokumbuka walitazama chini. Mama Yudithi alikuwa benchi la mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekaa na fimbo yake na kitenge. Nilimwamkia, akaitikia marahaba.

Nilisimama nikasema yote, pamoja na mfuko wa shati. Kisha nikapiga upande uliosikika kwenye basi. Watoto walicheka, mtu mzima mmoja akajishika mdomo. Nikaitoa kaseti, nikaigeuza wakiona, nikairudisha. Sekunde tatu.

"Bwana," ikasema sauti ya mwanamke mwenye nguvu zake, na mluzi, "mwangalie Elia na nyaya zake hizi. Mimi sizielewi, Wewe unazielewa. Mlinde na ile barabara ya malori. Mpe masikio ya kumsikia mwenzake. Na kama muziki wake ni kelele tu kama wanavyosema, Bwana, usimwache kwenye kelele, mfundishe taratibu. Na mimi mwalimu wake—"

"Inatosha, Mama," ikasema sauti yangu ya ujana, na pakawa kimya.

Kanisa lilikuwa limecheka pale kwenye kelele. Baada ya sauti yangu hakuna aliyecheka. Nilimsogelea, nikapiga magoti kwa shida, magoti nayo yamestaafu.

"Nisamehe, Mama."

"Hukuniacha nimalize," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile nilisubiri mpaka kondakta wa gari la mwisho akaniuliza kama nasafiri." Nilingoja neno jingine, lile nililolifuata. Hakulisema, na sina haki ya kulidai. "Nimekusikia," alisema tu. "Nipe mkono ninyanyuke."

Nje wanawake walikuwa wanapika chakula cha mavuno, masufuria matano juu ya mafiga. Nilidhani anataka kwenda kukaa kivulini. Alinivuta kuelekea jikoni. Binti mmoja aliyekuwa anageuza maharage alimwona anakuja na fimbo, akaacha kazi haraka akaleta kiti, kwa adabu kabisa, mtoto wa watu hajui lolote.

"Bibi, wewe pumzika."

Niliinamisha kichwa. Mama Yudithi alikitazama kile kiti.

"Nimepumzika sana," alisema. "Nipe mwiko."

Binti alinitazama mimi kana kwamba nina la kusema. Akampa mwiko. Mama Yudithi alinikabidhi fimbo yake niishike, akaushika mwiko kwa mikono yote miwili, akaanza kugeuza. Mwanamke mmoja wa makamo, mmoja wa wale waliotazama chini kanisani, alikuja akasimama pembeni yake, akaanza kukata vitunguu. Mama Yudithi akaomba chumvi. Akatia, akasahau, akatia tena. Hakuna aliyemzuia.

Chakula kilipopakuliwa watu wote walikula maharage yale, kasisi na watoto, na yule mwanamke wa makamo alirudi kuongeza. Mimi nililetewa sahani nikiwa upande wa wanaume, fimbo bado iko mkononi. Chumvi ilikuwa imezidi mno. Nilimaliza yote.